Aliyeandika tiketi hakuja, nikaambiwa karatasi yake inatosha. Haki ya kusikilizwa iko wapi hapo?

#1 Mkaa Usukani

Habari za humu wakuu. Naomba mwenye uelewa wa sheria anifafanulie, maana wiki nzima sasa jambo hili linanikaa kooni.

Niko Marekani, nasambaza mizigo na gari langu mwenyewe. Mwezi uliopita nilikuta tiketi ya dola 75 imebanwa chini ya waipa: kupaki eneo la kushushia mizigo kabla ya muda. Kibao kinasema ruksa kuanzia saa 4 kamili asubuhi, na tiketi imeandikwa saa 3:52. Sasa ghala ninapochukulia mizigo lina lango linalosoma kadi kila gari linapotoka, na rekodi yake inaonyesha siku hiyo nilitoka saa 3:49. Kutoka pale hadi kwenye kile kibao ni dakika ishirini, tena barabara ikiwa tupu. Saa 3:52 nilikuwa hata taa ya kwanza sijaifikia.

Nikaomba usikilizaji. Nikapewa tarehe, nikapoteza kazi nusu siku, nikaenda. Chumba kidogo, meza moja, mama mmoja na kompyuta yake. Nikamuuliza aliyeandika tiketi yuko wapi, nataka kumuuliza saa yake ilisomaje. Akaigeuza kompyuta nione picha ya tiketi yangu, akasema kwa upole kabisa: "Afisa halazimiki kuja. Huu ndio ushahidi wake." Nikatoa karatasi ya lango. Akaitia kwenye mashine ya kunakili, akanirudishia, akaniambia uamuzi utakuja kwa posta. Dakika sita nikawa nje.

Dola 75 nitazilipa ikibidi. Kinachoniumiza ni kwamba mtu ukimuuliza swali atakujibu, lakini karatasi naihoji vipi? Katiba yao si inasema mtu asinyang'anywe mali bila utaratibu wa haki?

#2 Chumvi ya Bahari

Pole kaka. Swali dogo tu: hiyo 3:52 ni saa ya kwetu au ya kwao? Usije ukawa ulimwambia yule mama saa tatu wakati tiketi inasema saa tisa.

#3 Mkaa Usukani

Ya kwetu, dada. Kwenye tiketi ni 9:52. Kule nilisoma kama walivyoandika.

#4 Karani Mstaafu

Mleta uzi, pole. Nimefanya kazi ya masjala mahakamani miaka mingi, na huku niliko nasoma hukumu zao kwa mapenzi tu. Ngoja nieleze ninavyojua.

Hilo ulilouliza wameshalibishania hadi juu. Mji wa Chicago, hadi 1990, tiketi ya maegesho ilikuwa na sura ya jinai. Ukipinga, polisi aliyeandika anatakiwa afike. Mara nyingi hakufika, kesi ikafutwa. Mwaka 1990 jiji likabadilisha sheria ndogo yake: tiketi ikawa shauri la madai, faini isizidi dola 100, anayepinga ama anaandika barua ama anakwenda mwenyewe mbele ya msikilizaji, na aliyeandika haitwi. Wenye magari wakaenda mahakama ya shirikisho. Ndiyo kesi ya Van Harken dhidi ya Jiji la Chicago, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Saba, 1997. Jaji Richard Posner akaamua kwamba utaratibu huo haukiuki Katiba.

Mizani waliyotumia ilitoka kesi ya Mathews dhidi ya Eldridge ya 1976, iliyohusu mafao ya ulemavu na wala si magari. Unatazama vitu vitatu: mwananchi anapoteza nini, uwezekano wa uamuzi kukosewa ni mkubwa kiasi gani na ulinzi unaoombwa ungeupunguza vipi, halafu ulinzi huo ungeigharimu serikali nini. Kwa tiketi, cha kwanza ni kidogo na cha tatu ni kikubwa, kwa sababu kila polisi akikaa kwenye usikilizaji anakosekana barabarani.

Hivyo yule mama hakukudanganya.

#5 Mwana wa Fundi Cherehani

Mzee Karani, heshima yako ipo palepale, lakini hapo siwezi kukubali kimyakimya. Kwa hiyo haki ya kumhoji anayekutuhumu inapimwa kwa bei ya faini? Dola 75 kwa jaji ni kitu kidogo. Kwa anayesambaza mizigo ni siku nzima ya kazi, na huyu keshapoteza nusu siku nyingine kwenda kujitetea. Wakiweka mizani, hiyo nusu siku huwa wanaiweka upande gani?

Na Marekebisho ya Sita ya Katiba yanasema mtuhumiwa ana haki ya kukabiliana na mashahidi wanaomshuhudia. Hayakutaja kima cha chini.

#6 Tai wa Mlima

#5 umechanganya. Marekebisho ya Sita yanahusu mashtaka ya jinai tu. Ndiyo maana ile hatua ya 1990 ni kubwa kuliko inavyoonekana: jina lilipobadilika kutoka jinai kuwa madai, haki kadhaa zilibaki nje ya mlango. Haki ya kukabiliana na shahidi ikaondoka. Wakili wa kulipiwa na serikali hata kabla ya hapo hukuwa naye, maana tangu kesi ya Scott dhidi ya Illinois, 1979, kama hufungwi hupewi. Na kiwango cha uthibitisho kikashuka, kutoka "bila kuacha shaka ya maana" hadi "upande upi unaelekea kuwa kweli zaidi".

Kilichobaki ni Marekebisho ya Kumi na Nne, yaani utaratibu wa haki kabla ya kuchukuliwa mali yako. Hayo yanadai upewe taarifa na nafasi ya kusikilizwa. Hayakuahidi mahakama kamili.

Pamoja na hayo mzee Karani ameacha jambo. Katika hukumu hiyohiyo ya Van Harken, msikilizaji alikuwa na mamlaka ya kuita mashahidi. Ni hiari yake, lakini mamlaka anayo. Mleta uzi, uliomba afisa aitwe, au uliuliza tu yuko wapi? Hayo ni mambo mawili.

#7 Mkaa Usukani

Niliuliza tu. Sikujua kuna kuomba.

#8 Karani Mstaafu

Nakubali sahihisho la Tai, ni kweli nililiruka. Ombi la kuita shahidi linaandikwa, linapelekwa mapema, unabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Likikataliwa, ule ukataaji wenyewe unakuwa hoja yako ya rufaa. Ukiuliza kwa mdomo halifiki kwenye jalada.

#9 Mama Wawili

Naomba na mimi nitoe la kwangu, maana naona mnazungumzia usikilizaji kana kwamba kila mtu anaufikia.

Mimi sikuiona tiketi kabisa. Siku ile ilikuwa upepo na mvua, sijui karatasi ilipeperuka au kuna mtu aliichomoa. Miezi mitano baadaye nakwenda kulipia usajili wa gari, naambiwa nina deni, faini imeshajizidisha, na muda wa kupinga ulipita zamani. Barua tatu walituma. Zote zilikwenda nyumba niliyohama. Aliyehamia baada yangu ni mtu mzuri tu, alikuwa anaziweka juu ya boksi la umeme akisubiri nipite. Nilizikuta zimepandana, ya chini ililowa maji ikakauka hadi jina langu halisomeki.

Nikaandika kuomba kesi ifunguliwe upya. Jibu: ni wajibu wa mwenye gari kubadilisha anwani. Nikalipa yote.

Sasa nauliza, taarifa niliyotumiwa ikaishia juu ya boksi la umeme inahesabika kuwa nimepewa taarifa?

#10 Tai wa Mlima

Pole sana dada. Jibu la kisheria halitakufurahisha. Kesi kongwe ya taarifa ni Mullane dhidi ya Central Hanover, 1950: taarifa iwe ya namna ambayo mtu mwenye nia ya kweli ya kumfikia mhusika angeitumia. Haikusema lazima ikufikie. Wakituma kwa anwani iliyo kwenye usajili wa gari, kwa kawaida wamemaliza kazi yao.

Ila 2006, kwenye Jones dhidi ya Flowers, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema serikali ikijua kwamba barua imerudi bila kupokelewa, haiwezi kukaa tu. Inapaswa kuchukua hatua nyingine inayowezekana. Ile ilikuwa nyumba iliyouzwa kwa deni la kodi. Barua zako zingerudishwa posta ungekuwa na la kusema. Huyo mtu mzuri aliyezitunza, kwa wema wake, aliifanya serikali isijue.

#11 Mama Wawili

Nimesoma hilo mara mbili. Asante. Angalau najua.

#12 Jicho la Kipanga

Turudi kwenye saa, maana naona mmeikimbilia Katiba kabla ya kuiangalia tiketi. 9:52 imetoka wapi? Mimi nimeshika vile vifaa vya mkononi wanavyotolea tiketi, si kazi yangu tena. Saa inatoka ndani ya kifaa. Afisa haandiki, kifaa kinaandika. Kuna viwili vinaweza kutokea. Kifaa hakijaoanisha saa yake na mtambo mkuu, kinakuwa nyuma. Au afisa alifungua tiketi ya gari jingine lililokuwa pale saa 9:52, lile likaondoka, la kwako likaingia kwenye nafasi ileile, naye akakamilisha tiketi kwa namba mpya bila kuanza upya.

Uliza picha. Vifaa vingi hupiga picha ya gari na namba, na picha ina saa yake. Picha ikisema 10:13 na tiketi inasema 9:52, hapo karatasi imejihoji yenyewe.

#13 Chumvi ya Bahari

Au ni ile wiki wanabadilisha saa mbele na nyuma. Mimi kila mwaka nachelewa kazini siku hiyo.

#14 Jicho la Kipanga

Hapana dada, zile zinaruka saa nzima. Hapa tofauti ni dakika ishirini na kidogo.

#15 Mwana wa Fundi Cherehani

Au afisa anajua kibao kinaanza saa 10 ya kwao, amefika saa 10 na ushee, na ana idadi ya tiketi za kufikisha. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeyaona.

#16 Jicho la Kipanga

Uliyaona wapi? Mimi nilipokuwa huko hatukuwekewa idadi. Tulikuwa na eneo la kutembea na saa za kulimaliza, basi. Na kifaa huwezi kukibadilishia saa kwa kidole. Usimtupie mtu uongo wakati hitilafu ya mashine inaeleza jambo lilelile.

#17 Mwana wa Fundi Cherehani

Sawa, sikukulenga wewe. Lakini ona sasa: wewe unasema mashine, au gari jingine lilikuwa pale, mimi nasema mtu. Mtu pekee anayeweza kutuambia ni yule aliyesimama pale, na ndiye sheria inasema asisumbuliwe. Mizani ile inauliza hatari ya kukosea ni kubwa kiasi gani. Itajulikanaje kuwa ni ndogo kama hakuna anayeulizwa?

#18 Nahodha wa Daladala

Hapo umenena.

#19 Dafina ya Mjomba

Wadau, msisahau majimbo hayafanani. Mimi niko California na kwetu imeandikwa waziwazi kwenye Sheria ya Magari, kifungu cha 40215. Hatua ya kwanza ni kuomba mapitio ndani ya siku 21 tangu tiketi itolewe. Wakikukatalia, una siku 21 nyingine za kuomba usikilizaji, na faini unaiweka kwanza kama amana, isipokuwa uthibitishe huna uwezo. Kwenye usikilizaji, kifungu chenyewe kinasema aliyetoa tiketi halazimiki kushiriki, na mamlaka haitakiwi kuleta ushahidi zaidi ya tiketi na taarifa za mwenye gari kutoka idara ya magari.

Usife moyo lakini. Ukishindwa hapo una siku 30 kwenda mahakama ya kaunti, ada dola 25 unayorudishiwa ukishinda, na pale shauri linasikilizwa upya kabisa mbele ya jaji, kana kwamba la kwanza halikuwepo.

Na kuna kesi moja naipenda sana, Weiss dhidi ya Jiji la Los Angeles, 2016. Yale mapitio ya kwanza jiji lilikuwa limempa mkandarasi wa kampuni binafsi ndiye asome barua za watu na kuzikataa. Mahakama ya rufaa ya jimbo ikasema sheria imelipa jiji lenyewe kazi hiyo, haliwezi kumpa mwingine. Mtu alibishana kuhusu nani amesoma barua yake, na akashinda.

#20 Karani Mstaafu

Dafina, asante kwa hiyo. Inagusa swali ambalo kwangu ni zito kuliko la afisa kuja au kutokuja: anayeamua anakula wapi?

Mwaka 1927, kesi ya Tumey dhidi ya Ohio, meya ndiye alikuwa hakimu, na katika hukumu ile alijipatia dola 12 ambazo asingezipata kama angemwachia mtuhumiwa. Mahakama Kuu ikaifuta. Mwaka 1972, kesi ya Ward dhidi ya kijiji cha Monroeville, meya hakuwa anapata kitu mfukoni, ila sehemu kubwa ya mapato ya kijiji ilitoka kwenye faini anazotoza. Nayo ikafutwa. Sasa kule Chicago, wakati wa kesi ya Van Harken, wasikilizaji walikuwa mawakili waliochukuliwa na ofisi ya mapato ya jiji lenyewe. Hoja hiyo ilipelekwa kwa Posner naye hakuiona nzito, kwa kuwa malipo yao hayakupanda wala kushuka kulingana na wangapi wamewatia hatiani. Sheria imetosheka. Mimi, kwa jicho la mtu aliyekaa masjala, sijatosheka. Mtu hahitaji kulipwa kwa kichwa ndipo ajue mwajiri wake anapenda nini.

#21 Bahati Nasibu

Huku Uingereza angalau hilo wamelitenganisha. Tiketi ya halmashauri ukipinga wakakataa, unakwenda baraza huru, bure, huwekei amana. Tatizo letu liko kabla ya hapo: ukilipa ndani ya siku 14 unapewa punguzo la nusu. Mtu mwenye haki anaogopa kupoteza nusu, analipa. Mke wangu alilipa hivyo akiwa na picha ya kibao kilichofunikwa na matawi ya mti, hata nguzo ilikuwa haionekani. Alinionyesha picha akaniambia, "Tungeshinda, lakini tungeshindwa?" Sikuwa na jibu.

#22 Tai wa Mlima

Hilo swali la mkeo ndilo linaloendesha mfumo mzima, huko na huku.

#23 Sauti ya Kisima

Nimechelewa kuingia ila mmegusa kitu. Mnasema sana jinai na madai kana kwamba jina linamaliza kila kitu. Ulaya hawakukubali. Mwaka 1984 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Öztürk dhidi ya Ujerumani. Mturuki aliyekuwa akiishi Ujerumani aligonga gari lililokuwa limepaki. Ujerumani ilikuwa imeyatoa makosa madogo ya barabarani kwenye jinai na kuyaita makosa ya utaratibu. Jamaa alipewa mkalimani mahakamani, halafu akadaiwa gharama ya mkalimani, maki 63 na senti 90. Mahakama ikasema: ita unavyotaka, kama kanuni inamhusu kila mtu na inalenga kuadhibu na kuzuia, basi kwa macho yetu ni jinai, na haki za mtuhumiwa zinaingia, ikiwemo mkalimani wa bure.

Nimeileta kwa sababu mleta uzi hakusema usikilizaji ulikuwa kwa lugha gani na kama aliulizwa anahitaji mkalimani. Mama yangu mdogo alisema "yes" kwa kila alichoulizwa. Moja ya hayo maswali lilikuwa: unakubali kosa?

#24 Mkaa Usukani

Aisee. Pole kwake. Mimi Kiingereza nakimudu, lakini nakiri kwenye neno moja nilibabaika. Aliniuliza kama nina kitu cha kuongeza "kwenye rekodi", nikasema hapana, kumbe nadhani hapo ndipo ningeomba afisa aitwe.

#25 Nahodha wa Daladala

Na wale maafisa wanaochora tairi kwa chaki wajue gari limekaa muda gani? Nilisikia ni marufuku.

#26 Tai wa Mlima

Inategemea uko wapi. Taylor dhidi ya Jiji la Saginaw, 2019: Kanda ya Sita, yaani Michigan, Ohio, Kentucky na Tennessee, ikasema kuchora tairi ni upekuzi chini ya Marekebisho ya Nne, yale yanayomkinga mtu na upekuzi usio halali, na 2021 ikarudia kwamba jiji lilihitaji kibali. Mwaka 2022 Kanda ya Tisa, upande wa magharibi, kwenye kesi ya San Diego, ikasema chaki ruksa. Chaki ileile, tairi lilelile. Lakini hiyo ni hoja ya upekuzi, tusimtoe mleta uzi kwenye njia.

#27 Dafina ya Mjomba

Kwa waliovutiwa magari na bredauni, ni njia nyingine tena. Mahakama Kuu, 2003, Jiji la Los Angeles dhidi ya David: mtu alilipa dola 134 na nusu kulikomboa gari, usikilizaji akapewa siku ya 27. Wakasema ucheleweshaji huo unavumilika kwa kuwa gari keshalichukua na kinachobishaniwa ni pesa tu. "Pesa tu" ni maneno yangu, lakini ndiyo maana yake.

#28 Chumvi ya Bahari

Na sisi tulio nyumbani je? Au haki ya kusikilizwa ni ya Katiba ya Marekani peke yake?

#29 Karani Mstaafu

La hasha, binti yangu. Katiba ya Tanzania ya 1977, Ibara ya 13(6)(a): haki na wajibu wa mtu vinapohitaji kuamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo ana haki ya kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufani. Kenya wana Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010, hatua za kiutawala ziwe za haki, na ukiathirika upewe sababu kwa maandishi. Hilo la sababu kwa maandishi mlishike. Mleta uzi akipata barua yake, kitu cha kwanza atazame kama imeeleza kwa nini.

#30 Mkaa Usukani

Wakuu, barua imefika leo. Naiandika ilivyo.

Ni ukurasa mmoja. Juu jina langu na namba ya gari. Katikati kuna visanduku saba vilivyochapwa, kila kimoja na sentensi yake, na kimoja kimewekwa alama: "Utetezi uliotolewa hautoshi kukanusha tiketi." Hakuna neno kuhusu lango. Hakuna neno kuhusu 9:49 wala 9:52. Kama nisingekwenda kabisa, nikatuma karatasi tupu, sentensi hiyohiyo ingetosha. Chini imeandikwa nina siku 30 za kukata rufaa mahakamani.

#31 Mwana wa Fundi Cherehani

Kisanduku! Mtu kaacha kazi, kaleta ushahidi wa saa na dakika, anajibiwa kwa kisanduku. Mkuu, hii usiiache.

#32 Tai wa Mlima

Naielewa hasira, lakini tuiangalie kama atakavyoiangalia jaji. Karatasi ya lango inaonyesha kadi imetoka 9:49. Haionyeshi gari. Msikilizaji anaweza kuwa amejiuliza: kadi ilikuwa mkononi mwa nani? Saa ya lango nani kaihakiki? Tiketi kisheria inachukuliwa kuwa kweli hadi ipinduliwe, mzigo uko kwako. Sisemi alifikiri hivyo. Kisanduku hakitwambii alifikiri nini.

#33 Jicho la Kipanga

Mimi bado nasema picha. Ziombe kwa maandishi leo, usisubiri rufaa. Na ukipata, usiangalie saa peke yake, angalia na nyuma ya gari. Kama kuna gari jingine linatoka au kivuli hakilingani, utajua tiketi ilianza kwa nani.

#34 Bahati Nasibu

Na miji mingine tiketi yenyewe ikiwa na kasoro inaanguka. New York sheria ya jimbo inataka vitu vitano viwe sahihi: namba ya gari, aina ya namba, tarehe ya kuisha usajili, kampuni ya gari na aina ya bodi. Kimoja kikikosekana, inafutwa. Mkaa, soma tiketi yako kama unavyosoma mkataba.

#35 Mkaa Usukani

Nimeisoma. Namba sahihi, kampuni sahihi. Rangi wameandika nyeupe, gari langu ni la kijivu hafifu, sijui kama inahesabika.

#36 Jicho la Kipanga

Nyeupe?? Na ukakaa nalo muda wote huu?

#37 Tai wa Mlima

Taratibu. Kijivu hafifu kwenye jua ni nyeupe kwa watu wengi, peke yake haivunji tiketi. Lakini ikikaa pamoja na dakika ishirini, na pamoja na ile nadharia ya gari jingine, inaanza kuwa na uzito. Peleka vyote kwa pamoja.

#38 Karani Mstaafu

Peleka hivi: maelezo ya msimamizi wa ghala kwa maandishi na sahihi, aseme mfumo wa lango unafanyaje kazi na kwamba kadi ni ya kwako. Rekodi yenyewe. Picha ya kibao uliyopiga mwenyewe. Picha za afisa kama watakupa, na kama hawatakupa, nakala ya ombi lako. Ombi la kuitwa afisa, safari hii kwa maandishi. Na ile barua ya kisanduku iwe ya juu kabisa, jaji aione kabla ya kitu kingine.

#39 Mkaa Usukani

Nimetoka ghalani sasa hivi. Msimamizi amekubali kuandika. Kabla hajaandika nilimwomba tuhakiki saa ya lango, tukasimama wote wawili na simu zetu, nikapitisha kadi. Lango liko mbele kwa dakika moja. Kwa hiyo siku ile nilitoka 9:48 na si 9:49. Nimemwambia aandike hivyohivyo, na hiyo dakika moja aitaje.

Ombi la picha nimelituma jana, limegongwa muhuri. Siku zilizobaki ni 22.